Tuwafunze wanafunzi kutafuta ubovu, si kubadilisha vipuri

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba ukiona vimekwama, navyo vina sababu. Mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, nawaomba mnivumilie niwasimulie jinsi gari kuukuu la kifahari lilivyonirudisha darasani baada ya kushika chaki kwa miaka mingi.

Hapa kwetu gari la kifahari si chombo cha usafiri tu. Ni Afrika Mashariki iliyobuni jina Wabenzi, kabila lisilo na kijiji wala mila, ila ile nyota ing'aayo kwenye boneti. Mwaka wa 2009, serikali ilipowaagiza mawaziri watumie magari yenye injini isiyozidi sisi 1,800, si wote waliotii kwa moyo mkunjufu. Sisi walimu, tuliozoea kutimuliwa vumbi na magari hayo, tuna tamaa yetu pia.

Tamaa hiyo hupata mlango gari linapozeeka. Gari la aina hii hushuka thamani upesi, na hatimaye huuzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida. Lakini kinachoshuka ni bei ya gari, si bei ya vipuri vyake. Nami nikaingia mlango huo. Nilinunua gari lenye viti vya ngozi, paa la kufunguka na madirisha ya umeme. Niliisikiliza injini, nikautazama moshi, nikayakagua magurudumu. Sikubonyeza swichi hata moja.

Haukupita mwezi kabla ya matata kuanza. Dirisha la abiria lilipanda kwa kuchechemea mithili ya mzee apandaye ngazi. Baya zaidi, kila Jumapili asubuhi gari lilikataa kuwaka. Siku za kazi mimi husafiri kwa matatu kwa sababu ya bei ya petroli, hivyo gari hupumzika wiki nzima. Ikawa desturi ya jirani yangu kuja na pikapu yake iliyochakaa na waya mbili ili kulifufua gari la bwana mkubwa.

Fundi wa kwanza alitazama, akatikisa kichwa, akasema betri imekufa. Nikatoa shilingi 11,000. Jumapili iliyofuata gari likalala. Akasema ni alternata. Nikatoa shilingi 22,000 kwa alternata ya mtumba. Gari likalala tena. Akasema basi ni kompyuta, akataja bei iliyonitoa jasho. Fedha nilizokuwa nimekwisha kutumia zilikuwa karo ya binti yangu ya muhula wa pili. Simlaumu fundi yule peke yake. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, na sikumuuliza hata mara moja: umepima nini?

Aliyeniokoa ni kijana niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa anatengeneza umeme wa magari chini ya kibanda cha mabati. Katika mtihani wa kidato cha nne alipata alama ya D katika somo langu. "Mwalimu," akaniambia kwa adabu, "kabla hujanunua kitu kingine, tupime." Alichomoa waya hasi wa betri, akaunganisha mita kati ya waya huo na betri, akafunga milango na buti, kisha akaketi. Nilipomuuliza mbona hafanyi kazi, alijibu, "Tunangoja lilale, Mwalimu."

Alikuwa na haki. Magari haya yana kompyuta ndogondogo ambazo hukaa macho kwa muda baada ya milango kufungwa, na apimaye kwa pupa hupata jibu la uongo. Baada ya nusu saa hivi, mita ilionyesha karibu nusu ampea, ilhali gari zima lililolala aghalabu halizidishi ampea 0.05. Akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Alipogusa fyuzi ya taa za ndani, mshale ukaanguka. Swichi ya buti ilikuwa imekwama, na taa iliyomo ndani ikawaka usiku na mchana bila ya mtu kuiona.

Sasa tazama hesabu hii, mwanafunzi. Balbu ya wati 5 katika volti 12 huvuta takriban ampea 0.4. Kwa saa 24 ni takriban saa-ampea 10. Kwa siku 6 ni 60. Betri yangu mpya ilikuwa ya saa-ampea 60. Hesabu hiyo nimeiandika ubaoni miaka nenda miaka rudi, nikibadilisha tarakimu tu.

Dirisha nalo halikuwa na kisa kirefu. Alipima volti kwenye mota yake, akasema, "Stima yafika vizuri, Mwalimu. Haina njia ya kurudi." Katika gari, umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi. Aliinua zulia, akanionyesha waya wa arthi uliofungwa kwenye bodi ukiwa umeliwa na kutu, kwa kuwa mfereji wa paa la kufunguka uliziba kwa majani na maji yakavujia ndani. Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka wa 1827: ampea 10 zikipita katika ukinzani wa nusu omu, volti 5 hupotelea papo hapo. Kijana alikwangua kutu, akakaza nati, akazibua mfereji. Kazi yote ilinigharimu shilingi 1,500. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; mimi nilikuwa nimeinamia mkoba wangu tu.

Sisemi kwamba kila kasoro ni ndogo. Taa ya onyo ya mfuko wa hewa ikiwaka, mwachie fundi aliyefunzwa kazi hiyo, kwani kuuchokoa waya wake kwa taa ya kupimia kwaweza kuufyatua mfuko usoni mwako. Wala usikubali fyuzi iliyoungua ifungwe jaribosi ya pakiti ya sigara. Fyuzi huwekwa ili kuulinda waya usiungue, na waya usiolindwa huteketeza gari. Anayetaka kununua gari la namna hii na alipate likiwa limepoa asubuhi, abonyeze kila swichi, apapase chini ya mazulia kama kuna unyevu, na apime betri: volti 12.6 au karibu na hapo injini ikiwa imezimwa, na takriban 14 ikinguruma.

Lakini hoja yangu kuu imo darasani. Katika karatasi ya vitendo ya KCSE, mtahiniwa hupewa mchoro na vifaa, akaamriwa aunganishe saketi na ajaze jedwali. Ni zoezi jema. Hata hivyo, saketi hiyo ni nzima. Ni lini tunampa saketi mbovu na kumwambia atafute kilichoharibika? Kijana wangu alinieleza kwamba neno ukinzani alilielewa siku aliposhika kiungo cha waya kilicholegea, kikamchoma kidole. Nilimfundisha neno hilo kwa miaka minne. Kiungo kilimfundisha kwa nukta moja.

Wapo watakaosema kwamba shule hazina vifaa. Hoja hiyo haina mashiko. Tochi kuukuu yenye waya uliokatika ndani ya ganda lake, betri iliyokwisha na balbu iliyoungua havihitaji bajeti. Mpe mwanafunzi tochi hiyo, kisha umtake aandike mambo matatu: alishuku nini, alipima nini, akapata nini. Atakayeandika hivyo kwa uaminifu hatauziwa alternata asiyoihitaji, na akiwa fundi, hatamuuzia mwenzake.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulituahidi stadi za mikono. Mtaala wa umilisi, ulioingia katika madarasa ya chini kote nchini mwaka wa 2019, umerudia ahadi hiyo. Ahadi haitatimizwa na vitabu vipya iwapo sisi walimu tutaendelea kuwatuza wanaokumbuka jibu na kuwapuuza wanaojua kulitafuta.

Karo ya binti yangu ililipwa, ingawa kwa kuchelewa majuma matatu, na bado sijapata maneno ya kumweleza sababu. Muhula ujao wanafunzi wangu watakuta tochi 10 mbovu mezani. Nimemwalika yule kijana wa alama ya D aje anisaidie kuziharibu.