Centaur Ilikwenda Dar, Haikuja Unguja

Ndugu zangu, sisi wa Aija na Sur vyombo vya bahari tunavijua. Basi tuulizane khabari ya Centaur, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege, iliyoanza kazi 1953 na kuvunjwa 1972. Alfajiri ya tarehe 25 Januari 1964 helikopta zake ziliwashusha makomandoo waliopakiwa Aden kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, na askari walioasi wakasalimu amri siku ile ile. Nyerere aliomba, akapewa.

Siku 13 kabla, serikali ya Sultan Jamshid nayo iliomba. Haikupewa kitu! Wenzetu wanasema Mwingereza alikuwa mbali. Mbali wapi, na askari wake walikuwa Kenya hapo jirani?