Lugalo na Kibali cha Bunduki

Apandaye daladala ya Tegeta kutoka Mwenge hupita kambi ya jeshi ya Lugalo. Kambi ile ina jina la mahali kule Uhehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa walimuua kamanda wa Kijerumani, Zelewski, wakateka bunduki za Wajerumani kwa mamia.

Mwaka mmoja kabla yake, mataifa ya Ulaya na mengine yalitia saini Mkataba wa Brussels. Kwa jina ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini ndani yake Mwafrika alifungiwa bunduki ya kisasa, akaachiwa ya gumegume, ile ya kushindiliwa baruti mdomoni. Kumbe gobole la babu zetu, tulilozoea kulicheka, lilidumu kwa amri ya watu waliokaa mezani Ulaya! Wana wa Maji Maji mwaka 1905 wakaikabili bombomu kwa magobole na mikuki, na baada ya kushindwa wakanyang'anywa hata magobole hayo.

Leo mambo ni mengine: sheria yetu ya silaha ya mwaka 2015 haiulizi rangi, na ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi. Katiba hiyo haimpi raia haki ya kumiliki bunduki kama ya Marekani, wala mimi siililii. Temeke ina misiba ya kutosha. Ninalolisema ni hili: yule anayepima nani aaminiwe anapimaje? Mwenye ghala akiomba kibali, sababu yake inaonekana kwa macho. Wakala wa fedha wa Mbagala anafunga kibanda saa nne usiku, mauzo ya siku kayafunga kiunoni, anapita vichochoro visivyo na taa. Sababu yake yeye nani anaiona? Huyo huambiwa ategemee sungusungu, vijana wenye rungu na filimbi, ambao nao wana watoto nyumbani.

Wapo watakaosema mambo ya usalama hayajadiliwi na kila mtu. Ndivyo alivyosema bwana mkubwa wa boma la kikoloni. Ibara ile ile ya 13 inataka mtu asikilizwe kwa haki, na apewe nafasi ya kukata rufaa, pale chombo kinapoamua juu ya haki zake.

Basi ewe mkazi wa Mbagala, wa Tandale, wa Manzese: ombi lako likikataliwa, usitoke ofisini na jibu la mdomo. Omba sababu kwa maandishi, yenye tarehe na muhuri. Wakikwambia urudi kesho, rudi kesho.