Diski mpya, seva imegoma: sauti za wahami zisifutwe kwa haraka

BUKAVU – Kwa siku ya tatu mfululizo, mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Minova alirudi kwenye mlango wa redio moja ya jamii mjini Bukavu. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameacha sauti yake pale: jina la mtoto wake wa kiume wa miaka tisa, rangi ya shati alilovaa, jina la babu yake, na mahali walipoachana njiani. Tangazo lilikuwa lipite jioni. Halikupita. Alipouliza, alijibiwa: "Mama, utusamehe. Mashine imekataa kuwaka. Labda itabidi utueleze tena."

Mama hakukasirika. Aliuliza tu: "Yote tena?"

Swali hilo fupi linawahusu wote wanaotunza majina na sauti za watu katika mji huu: redio, mashule, vituo vya afya, makanisa na mashirika yanayoandikisha wahami. Mtu aliyepoteza nyumba asilazimishwe kusimulia machungu yake mara mbili kwa sababu diski ilibadilishwa vibaya.

Kilichotokea ni hiki. Seva ya redio hiyo ina diski mbili zinazofanya kazi kama mapacha: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa pia kwenye nyingine. Moja ilianza kuwasha taa ya rangi ya machungwa, dalili kwamba imechoka. Mfadhili alikuwa ametoa diski mbili mpya. Fundi akatoa ya kwanza, akaweka mpya, akaiacha mashine inakili usiku kucha. Kesho yake akafanya vile vile kwa ya pili. Mpaka hapo kazi ilionekana safi. Lakini alipozima na kuwasha, kioo kilibaki cheusi, na mstari mmoja tu wa maandishi meupe: hakuna diski ya kuanzia.

Sababu si uchawi, wala si ubaya wa diski mpya. Wale mapacha walikuwa wananakiliana sauti, majina na barua, lakini si kila kitu. Kuna programu ndogo ya kuamsha mashine, ambayo kazi yake ni kuionyesha mahali pa kuanzia. Kwenye seva nyingi za Linux zilizopangwa namna hiyo, programu hiyo inakaa nje ya eneo linalonakiliwa. Aliyeisimika mashine miaka ya nyuma aliiweka kwenye diski moja tu. Diski hiyo ilipotolewa, ikaondoka nayo. Ni kama familia iliyohamisha vyombo vyote salama, halafu ufunguo wa mlango ukabaki kwenye mfuko wa suruali iliyotupwa.

Ofisini kila mtu akawa na dawa yake. Mmoja alisema diski ni za bandia. Mwingine akalaumu umeme. Wa tatu, mwenye haraka kuliko wote, akasema: "Tufute, tuweke mfumo upya. Saa mbili tu, tumemaliza." Stajieri, kijana ambaye kwa kawaida hutumwa kuleta chai, ndiye aliyesema: "Papa, tusifute kwanza. Tuangalie kama vitu vimo."

Kijana alikuwa na haki. Waliwasha mashine kwa kutumia flashi yenye mfumo wa Linux, wakafungua diski kwa kusoma tu, bila kuandika kitu. Sauti zote zilikuwemo. Wakazinakili kwanza kwenye diski ya nje, ndipo wakaandika upya ile programu ya kuamsha, safari hii kwenye diski zote mbili. Mashine ikawaka. Kama wangemfuata mwenye haraka, sauti ya yule mama na za familia nyingine zingefutwa na watu wenye nia njema.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Mashine isiyowaka si lazima iwe imepoteza vitu. Kufuta kuwe hatua ya mwisho, na uamuzi huo uchukuliwe na wenye redio pamoja, asiachiwe fundi peke yake usiku akiwa amechoka.

Kabla ya kufika huko, kuna mambo ya kuangalia yasiyohitaji hata dola moja. Je, kila diski imeingia vizuri mahali pake, na waya umekaza? Je, diski zimerudi kwenye nafasi zile zile zilizotoka? Je, mipangilio ya mashine bado inataja diski sahihi kuwa ya kwanza, au imeanza kutafuta mfumo kwenye flashi iliyosahauliwa? Je, diski mpya ni kubwa kupita kiasi kwa mashine ya zamani? Mashine nyingi za miaka ya nyuma zinapata shida kuanza kwenye diski inayozidi terabaiti 2. Tena kuna seva ambazo, zikiona diski zisizozifahamu, zinauliza kama zipokee mpangilio uliomo au ziufute. Swali hilo lisijibiwe kwa kubahatisha. Kubofya mara moja kunaweza kuondoa kazi ya miaka.

Wapo wanaosema kwamba redio ikikaa kimya siku tatu ni hatari kuliko kupoteza sauti za zamani. Hoja hiyo ina uzito. Tangu Februari 2025, M23 walipoingia mjini Bukavu, uvumi unakimbia kuliko pikipiki, na redio inaponyamaza wananchi wanabaki gizani. Lakini kurudi hewani hakuhitaji seva. Kompyuta moja ya mkononi na mikrofoni vinatosha kusoma habari na matangazo. Redio irudi hewani kwa njia hiyo, na seva ipewe muda wake. Wanaochanganya mambo haya mawili ndio wanaofuta.

Somo la pili ni la umeme. Mji unategemea mitambo ya Ruzizi. Ruzizi ya kwanza ilijengwa wakati wa ukoloni, na plastiki zinazotupwa katika Ziwa Kivu zinafika mpaka kwenye mitambo yake na kuikwamisha. Delestaji anaijua kila mkaaji, kuanzia Panzi hadi Bagira. Sasa, diski mpya inaponakili kutoka kwa mwenzake, kazi hiyo inachukua saa nyingi, na muda wote huo ni diski moja tu iliyo kamili. Nayo mara nyingi ni ya zamani, imechoka kama ile iliyotolewa. Umeme ukikatika hapo katikati, redio inacheza na bahati. Basi diski zisibadilishwe kabla betri hazijajaa, na zisibadilishwe mbili kwa haraka. Baada ya ya kwanza, mashine izimwe na kuwashwa. Ikiwaka, ndipo ya pili iguswe. Fundi wa redio ile angefuata hatua hiyo moja, angeligundua tatizo mapema, ufunguo ukiwa bado mkononi mwake.

Somo la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi: diski mapacha si nakala ya akiba. Ukifuta faili kwenye moja, inafutika kwenye nyingine dakika ile ile. Moto ukishika nyumba, zote mbili zinaungua. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Ni kampuni kubwa katika Ulaya, yenye mafundi na vifaa. Hata hivyo, wateja waliokuwa hawana nakala mahali pengine walipoteza vitu vyao. Kama yaliwafika wale, itakuwaje kwa chumba cha mbao na bati huku Kadutu, ambako moto wa nyumba si habari ngeni?

Uzito wa kumbukumbu hizi unajulikana hapa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, familia za Goma zilikimbia pande zote. Siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao. Baada ya siku chache wakaaji wengi wakaamriwa kuhama mji, na wengi walifika Bukavu kwa mashua. Mtoto aliyepotea hivyo anarudishwa nyumbani kwa jina lililoandikwa vizuri, kwa sauti iliyotunzwa, na kwa mtu anayejua pa kuitafuta.

Lakini kuna upande mwingine, na haufai kufichwa. Majina yale yale yanayomrudisha mtoto yanaweza kumponza mzazi. Sauti ya mtu akieleza nani alimfukuza kijijini si kitu cha kuzurura. Diski ya zamani iliyotolewa kwenye seva haijafa. Ikiuzwa sokoni au ikitupwa kwenye taka, mwenye ujuzi kidogo anaweza kuifungua na kusikiliza yote. Kwa hiyo diski iliyotoka iandikwe tarehe na nafasi yake, ifungiwe kabatini mpaka mpya ithibitishwe, kisha ivunjwe kabisa mbele ya watu wawili. Na nakala ya akiba inayopelekwa mahali pengine ifungwe kwa neno la siri. Tena itunzwe ile tu ambayo familia imekubali itunzwe. Wengine watasema nakala nyingi ni hatari nyingi. Ni kweli, na ndiyo sababu inatosha moja, iliyofungwa, kwa mtu anayeaminika.

Wafadhili nao wana sehemu yao. Kuleta diski mpya na kupiga picha siku ya kukabidhi ni jambo jema, ila halitoshi. Dola zinazonunua diski mbili ziongezwe kidogo zinunue diski ya nje ya akiba, na siku mbili za kumfundisha fundi wa hapa hapa. Ukurasa mmoja wa karatasi uliobandikwa ukutani, unaoeleza seva ilipangwaje na programu ya kuamsha iko wapi, ungeokoa siku tatu za redio ile.

Familia za wahami pia zina haki ya kuuliza, bila kuomba radhi. Mtu anapoacha jina au sauti yake, aulize: itawekwa wapi, nani ataisikia, na mashine ikiharibika kuna nakala nyingine? Anayepokea asiposhtuka na swali hilo, ni dalili njema. Na pale penye daftari la kuandikia kwa mkono, liendelee kutumika. Karatasi haihitaji kuamshwa.

Tangazo la mama yule lilipita siku ya nne jioni, kwa sauti yake mwenyewe, bila kusimulia upya. Mtoto bado anatafutwa. Lakini atakayesikia jina lake leo au kesho atajua shati lilikuwa la rangi gani.