Sehemu ya 4: Hiyo miaka mitano inahesabiwa kwa nani?

Nimetoka zamu ya usiku, watoto wameshaenda shule, chai iko pembeni, nina kama saa moja kabla usingizi haujanishinda. Tuendelee tulipoishia.

Sehemu ya tatu niliandika kuhusu manesi wanaokwenda kufanya kazi Uingereza, nikaahidi kuja kwenye ukaazi wa kudumu, yaani ile ruhusa ya kuishi kule bila kikomo na bila kufungwa na mwajiri mmoja. Inboksi imejaa swali moja tu: "Dada, ni kweli ukifanya kazi miaka mitano unapewa?" Kwa nesi aliyesajiliwa kule na akatimiza masharti, ndiyo, utaratibu uliozoeleka ni miaka mitano. Ila swali lenyewe linaniudhi kidogo, maana linaulizwa kana kwamba anayesafiri ni mtu mmoja. Wewe una mume. Una mtoto wa miaka miwili, na mwingine yuko tumboni. Miaka mitano ya nani?

Ngoja niwaambie kwa nini nalishikilia hili. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mhusika asitambulike.

Kuna usiku tulipokea mtoto wa miaka mitatu, ngiri imejibana, tumbo limevimba, analia mpaka sauti imekauka. Kaletwa na bibi yake. Daktari akasema huyu ni wa kupasuliwa sasa hivi. Bibi akashika ile karatasi ya kukubali upasuaji, mkono ukawa unatetemeka, akasema, "Mwanangu, mimi sisaini mpaka mama yake aseme." Mama yake yuko Uingereza, anafanya kazi ya kulea wazee, ile mnayoiita kea. Tukampigia kwa video. Alikuwa kazini, ananong'ona ili asimwamshe mzee anayemlinda, machozi yanamtoka, anasema saini mama, saini. Nikamsogezea mtoto simu amuone mama yake. Mtoto akageuza uso akamng'ang'ania bibi.

Upasuaji ulienda vizuri. Asubuhi bibi akanisimulia kwamba binti yake aliondoka katikati ya 2024. Wakala alimwambia nenda wewe kwanza, ukishatulia miezi sita mtoto anafuata. Waliuza kiwanja.

Sasa sikilizeni. Tangu tarehe 11 Machi 2024, anayeingia Uingereza kwa viza mpya ya kea haruhusiwi kuja na mwenza wala watoto, wala kuwaita baadaye kama wategemezi wake. Yule dada aliposafiri sheria ilikuwa imeshaanza kufanya kazi. Wakala alikuwa anauza kitu ambacho hakipo dukani. Na tangu Julai 2025 wamefunga kabisa mlango wa kuajiri kea wapya kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo leo ukipigiwa simu ukaambiwa kuna nafasi ya kea Uingereza, toa milioni kadhaa tukuandikie, wewe kata simu ukapike.

Nesi aliyesajiliwa yuko kwenye fungu lingine. Yeye bado anaruhusiwa kwenda na mwenza na watoto walio chini ya miaka 18. Na wenye diploma kama mimi msijidharau, kwenye viza kiwango kinachotazamwa ni cha kazi unayokwenda kufanya, na unesi umewekwa kwenye kundi la kazi za ngazi ya shahada hata kama cheti chako ni cha diploma. Baraza lao la manesi, NMC, litataka usajili wako wa hapa nyumbani, Kiingereza, mtihani wa kompyuta, kisha ule wa vitendo unaoitwa OSCE ambao unafanyika kule kule. Ni kazi, sikatai. Lakini naona manesi wenzangu wanaukwepa mlolongo huo kwa kutafuta kazi za uhudumu za haraka haraka, wanasema watabadilisha wakishafika. Mimi naona ni kosa, na ni kosa linalolipwa na mtoto.

Kabla sijasahau, kuna orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ya 2023 ina nchi 55, na Tanzania yetu imo. Uingereza inaifuata. Maana yake waajiri na mawakala wao hawaruhusiwi kuja huku kutushawishi na kutuzoa. Wewe mwenyewe kuomba kazi moja kwa moja hospitalini kwao unaruhusiwa, hakuna aliyekukataza. Na kwa kanuni zao, anayetafutiwa kazi ya afya hatozwi ada ya kutafutiwa. Basi mtu akikufuata na mabango kwamba anakusanya manesi wa Tanzania kwa ajili ya hospitali za Uingereza, na anataka hela ya kukutafutia nafasi, amevunja mambo mawili kabla hata hujamjua jina.

Turudi kwenye miaka mitano.

Saa yako inaanza kuhesabu ukiwa na viza ya kazi. Ya mume wako inaanza siku anayopata viza ya mtegemezi wako. Hazijumlishwi na hazisubiriani. Tuseme umetangulia 2026, ukajipanga, mume akaja na watoto 2028. Wewe 2031 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mume wako bado ana miaka miwili mbele. Na watoto? Kwa kawaida mtoto anapewa wazazi wote wawili wanapokuwa wameshapata au wanaomba pamoja. Kwa hiyo mtoto anasubiri saa ya baba. Ile miaka miwili ya kutangulia ili kujipanga haikuishia kuwa miaka miwili ya kukosana na familia tu, imesogeza mbele na usalama wa watoto wako kule. Katikati hapo viza zao zinalipiwa tena.

Ndiyo maana msimamo wangu, na najua wengine mtanipinga huko chini, ni kwamba mama mwenye watoto wadogo asiondoke bila tarehe ya familia kumfuata. Namaanisha tarehe, na hela ya hiyo tarehe ikiwa imeshatengwa. Miezi mitatu, minne, mpaka upite OSCE, sawa. Kama hesabu zenu zinaonyesha miaka miwili, basi subirini wote hapa hapa, mkusanye, muende kwa pamoja. Nimewahi kuambiwa nasema hivi kwa sababu ya woga. Labda. Nimefanya kazi wodi ya watoto muda mrefu, nimewaona sana bibi wenye mikono inayotetemeka.

Upande wa akina baba nao tuuseme. Mwenza anayekuja kama mtegemezi anaruhusiwa kufanya kazi, karibu kazi yoyote. Lakini mume wangu mimi ana duka la vipuri vya pikipiki, watu wanamwita bosi. Kule ataanzia bohari, usiku, anapanga maboksi. Tumeliongea hili zaidi ya mara moja na halijaisha. Na siku ya kuomba ukaazi, mwenza naye anatakiwa kuonyesha Kiingereza na kufaulu ule mtihani wa Life in the UK, maswali 24 kwa dakika 45, upate angalau 18. Mambo ya wafalme wao, vita vyao, bunge lao. Nilimsomea mume wangu maswali ya mazoezi jikoni, akapata manane, akaniuliza huyu Henry VIII alikuwa anatafuta nini kwa wake sita. Tulicheka, ila manane ni manane. Baba aanze mapema.

Sasa wajawazito, hapa mnisome taratibu.

Kwanza, mtoto akizaliwa Uingereza wakati nyinyi wazazi bado mko kwenye viza ya kazi, hawi Mwingereza kwa kuzaliwa tu. Ni Mtanzania, mwombee pasipoti ya kwetu na muweke mambo yake ya viza sawa. Mzazi mmoja akishapata ukaazi wa kudumu ndipo mtoto huyo aliyezaliwa kule anaweza kuombewa usajili wa uraia. Kwa hiyo yule aliyeniandikia kwamba atajitahidi akajifungulie kule ili mtoto "atoke na makaratasi", dada yangu, hapana.

Pili, kuna sharti la siku. Katika miezi 12 yoyote ndani ya ile mitano, usiwe nje ya Uingereza zaidi ya siku 180. Likizo ya uzazi yenyewe haikuharibii, hata mshahara ukishuka kwa sababu hiyo wanaelewa. Kinachoharibu ni kuondoka nchini kupita kiasi. Na sisi tunajijua. Ukijifungua unataka mama yako, unataka uji wa pilipili manga, unataka kukandwa na maji ya moto. Arobaini hazina shida, hata miezi minne. Lakini ukisema nitakaa nyumbani mpaka mtoto atambae, siku zinapita 180 na uangalizi wote wa miaka unaweza kuanza moja. Andika kwenye daftari tarehe ya kutoka na ya kurudi, kila safari, tangu ya kwanza. Usitegemee kumbukumbu.

Tatu ni hela. Mkiwa na viza ya wahudumu wa afya hamlipi ule mchango wa huduma za afya ambao wahamiaji wengine wanatozwa pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, hiyo ni nafuu kubwa sana. Lakini ada ya kuomba ukaazi wa kudumu haina huruma hiyo. Kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 3,029 kwa kila kichwa, na kichwa cha mtoto kinahesabiwa sawa na chako. Kwa ada hiyo, baba, mama na watoto wawili ilikuwa pauni 12,116. Na ada hizi zina tabia ya kupanda. Wakati wa kusubiri hampati posho za serikali kama ile ya watoto. Nyie wa vikoba mnajua hesabu, gawanya kwa miezi 60 muone mnatakiwa kuweka kiasi gani kila mwezi tangu mwezi wa kwanza. Wengine kule wanakuwa wametimiza miaka lakini hela ndiyo haijatimia.

Kingine kinachoniweka macho ni kwamba hiyo mitano yenyewe inatikisika. Mei 2025 serikali yao ilitoa waraka unaopendekeza watu wengi wasubiri miaka kumi. Novemba mwaka huo huo wakafafanua: manesi na madaktari wa NHS wabaki na mitano, na kazi za ngazi ya chini ya shahada, akina kea humo, zifike hata kumi na mitano. Hayo niliyasoma kama mapendekezo, kwa hiyo kabla hujalipa chochote ingia kwenye tovuti ya serikali yao, gov.uk, usome sheria ya siku hiyo, usisome statasi ya wakala. Lakini muone tofauti. Dada wawili waliotoka shule moja ya uuguzi, mmoja amepitia NMC, mwingine amepita njia ya mkato. Mmoja anaongelea mitano, mwingine anaongelea kumi na mitano bila mwanawe.

Kuna walioniuliza mbona sisemi kuhusu Ghuba, huko kunalipa na viza inatoka upesi. Kunalipa, kweli. Nina rafiki kule, amemjengea mama yake nyumba. Lakini kwa kawaida kibali cha kule kimefungwa kwa mwajiri, mkataba ukiisha unarudi. Kama lengo lako ni mtaji wa miaka mitatu, ni safari halali kabisa na pengine ni bora kuliko hii ninayoieleza. Usichanganye tu safari mbili.

Na mkipata huo ukaazi, pasipoti ya Tanzania mnabaki nayo, kwa sababu ukaazi siyo uraia. Ukichukua uraia wao ndipo wa kwetu unaupoteza, maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wengi wanaishia kwenye ukaazi kwa makusudi. Ila ukishaupata halafu ukakaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, unapotea.

Yule dada wa wodini bado yuko kule. Bibi alirudi kliniki kuangaliwa kidonda, akaniambia binti yake ameanza kujisomea Kiingereza cha NMC usiku, kwa sababu kumbe ni nesi mwenzetu, wa diploma, alikuwa na usajili wake hapa nyumbani siku zote. Nimempa bibi namba yangu amtumie.

Sehemu ya tano nitaandika kuhusu OSCE na namna ya kujiandaa ukiwa bado kazini huku. Maswali wekeni hapa chini, nitajibu nikiamka, maana leo naingia tena usiku.