Vikapu Kumi na Viwili na Shimo Nyuma ya Ukumbi



Wapendwa Taifa la Mungu, jioni ya sherehe yetu ya Kipaimara nilipita nyuma ya ukumbi wa parokia. Vijana walikuwa wakimwaga shimoni masufuria mawili ya pilau iliyobaki, pamoja na maganda ya ndizi na ya matikiti. Hatua chache pembeni, akina mama walikuwa wakikunja magunia matupu ya mkaa uliotumika kuipika pilau hiyohiyo. Nilitazama, nikaenda zangu. Leo naungama kunyamaza kwangu.

Mwinjili Yohane, katika sura ya 6, anasimulia kwamba umati uliposhiba, Bwana hakuacha mabaki majanini. Aliwatuma wanafunzi wayakusanye, vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuzidisha mikate hakuona haya kukusanya makombo. Sisi tusioweza kuizidisha twayatupa!

Mwenye haki ya kwanza juu ya chakula kilichobaki ni mwenye njaa. Mnamo Juni 2013 Baba Mtakatifu Fransisko alifananisha kutupa chakula na kuiba mezani pa maskini. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira limekadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Tena chakula kinachooza dampo pasipo hewa hutoa gesi ya methani. Katika kipindi cha miaka 100, gesi hiyo hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa.

Lakini methani hiyohiyo, ikikusanywa, ni moto wa jikoni. Mabaki ya chakula na samadi hutiwa katika mtambo wa bayogesi usioingiza hewa. Vijidudu huvimeng'enya, gesi huenda jikoni kwa bomba, na tope linalobaki huwa mbolea. Asiye na mtambo na atengeneze mboji: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, unyevu wa kiasi, na kugeuza mara kwa mara ili hewa ipite. Chakula kilichopikwa kifukiwe katikati, kisiite panya. Baada ya miezi michache bustani itapata udongo mweusi wenye rutuba.

Wapo watakaosema Kanisa lina mambo mazito kuliko maganda ya ndizi. Nawajibu kwa upole: anayepokea Mkate wa Uzima altareni hawezi kuudharau mkate wa kawaida nyuma ya ukumbi.

Basi, naomba mambo mawili. Katika kila sherehe, chakula kizima kigawiwe wahitaji usiku uleule, na maganda yatengwe kwa ajili ya mboji. Pili, Halmashauri ya Walei ijadili mtambo wa bayogesi kwa jiko la parokia. Shimo lile, mimi mwenyewe nitashika koleo kulifukia.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu