Duma Si Mbio Tu: Mageuzi ya Muziki na Wajibu wa Mhakiki

Aghalabu msanii anapobadili mtindo, hadhira yake humshutumu kwamba ameiasi asili. Shutuma hii huchanganya fani na kiini cha sanaa.

Kundi la Wire la London lilitoa albamu ya Pink Flag mwaka 1977: nyimbo 21 za panki katika muda usiofika dakika 40. Mwaka uliofuata, katika Chairs Missing, lilipunguza mbio, likarefusha baadhi ya nyimbo na kuongeza sauti za kielektroniki. Halikuisaliti panki; lilikuwa na mengine ya kusema.

Nchini Kenya mageuzi yalichukua njia nyingine. Martin Kanja na Sam Karugu walitoka katika bendi za metali za Nairobi: Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 waliunda Duma, na mwaka 2020 albamu yao yenye jina hilo ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mpiga ngoma hakuwapo tena. Mapigo yalitungwa kwa tarakilishi. Kasi na mayowe vilibaki. Wire waliacha mbio. Duma waliacha muundo wa bendi. Kila kundi lilitupa kile kilichobana maudhui yake.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaujua mjadala huu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walidai kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Leo mashairi huru hufundishwa madarasani, na tenzi hazijafa.

Hata jina la kundi linadai mhakiki wa hapa nyumbani. Msomaji wa Kiswahili humwona mnyama mwenye mbio. Wasanii wenyewe walikusudia neno la Kigikuyu lenye maana ya giza. Mwanafunzi wa Ruiru, anayesikia mugithi na gengetone katika matatu za barabara ya Thika, huzipata maana zote mbili bila kamusi. Akinyamaza kwa kudhani kwamba makelele hayastahili uhakiki, muziki huu utaelezwa na wageni, kwa istilahi zao. Mcheza kwao hutunzwa. Basi watu wa kwao na wautunze kwa kalamu.