Mwacheni Mlevi Aonje Kwanza

Msomaji mwenzangu, chukua hadithi zetu za mitaani, zile zinazopangwa chini pale kwa muuza magazeti. Mhusika akishika glasi tu, mwisho wake umeshaujua. Ukurasa wa pili anampiga mkewe, wa tano kafukuzwa kazi, wa mwisho yuko mtaroni na nzi wake. Haonji! Anabugia, basi. Hata mwandishi mwenyewe hajui kilichomo ni kitamu au kichungu. Nasi vijana tunaoota kuandika tunaiga vile vile, halafu tunajiita waandishi wa maisha.

Mimi nimeishia kidato cha nne, shahada ya fasihi sina. Lakini nasema huo ni uvivu, tena ni uongo. Hakuna mtu anayetoka kwake Jumamosi jioni kwenda kutafuta mtaro. Anatafuta raha. Usiyeijua raha hiyo, utaihukumu kwa lipi?

Tazama konyagi, hii hii yetu. Tia barafu kwanza, mimina konyagi kidogo, kamua nusu ndimu, kisha jazia soda ya tangawizi polepole. Ndimu usiifinye mpaka ganda litoe uchungu wake. Sasa onja. Tangawizi inauma, ndimu inakata sukari, konyagi inakuja nyuma na joto lake kifuani. Kila kimoja kinasikika na hakuna kinachomfunika mwenzake. Hiyo ni kazi ya mkono na ulimi, bwana, si uhuni.

Au nenda Nairobi, uagize dawa: vodka, ndimu, barafu, na kijiti chenye asali unachokorogea mwenyewe mpaka utamu ufike unapoutaka. Wazo limetoka kwenye caipirinha ya Brazil, lakini jina ni la Kiswahili safi. Mtalii anakwenda kulisimulia kwao. Mwandishi wa Kiswahili anaona haya kuliandika!

Hapa ndipo penye donda. Kinywaji kikiwa hotelini kinaitwa kokteli, na mchanganyaji anavaa tai. Kikiwa uswahilini kinaitwa ulevi, na mama aliyekipika anajificha. Nani katupa kipimo hicho?

Mwaka 1806 gazeti moja la Marekani lilieleza kokteli ni kitu gani: pombe kali, sukari, maji, na kitu kichungu. Haya, twende Kilimanjaro. Mama wa Kichaga anachemsha ndizi mbivu, anaziacha siku kadhaa zichachuke, anachuja. Anachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Kisha kuna msesewe, gamba la mti, la kuleta uchungu. Utamu, maji, kilevi, uchungu. Mbege si pombe kali, sawa, lakini hesabu ni ile ile, na bibi zetu hawakuisoma kwenye gazeti la mtu. Mbege hiyo ndiyo inayoposea mke na kuwakalisha wazee wayamalize maneno. Mmarekani Jerry Thomas alitoa kitabu chake cha kuchanganya vinywaji mwaka 1862, na jina lake linatajwa mpaka leo. Wewe unayeandika, je, katika hadithi zako yumo mpika mbege mmoja mwenye jina, mwenye ulimi, mwenye siri ya kipimo chake?

Usiniambie ni mila zetu kunyamaza. Abunuwasi tuliyesimuliwa utotoni, yule mjanja wa kumzunguka mfalme, alitokana na mtu kweli: Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Sifa yake kubwa ni mashairi ya mvinyo. Sisi tukapewa vichekesho, mvinyo ukaachwa nje ya mlango. Anayekataa kunywa kwa imani yake namheshimu. Ila kutokunywa ni jambo moja, na kujifanya wanywaji hawana ladha wala akili ni jambo jingine.

Najua nitajibiwa: je, waliokufa? Ndiyo, wapo. Mwaka 2000 Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na methanoli ulimi hauigundui. Aliyechanganya ile alikuwa anahesabu faida tu. Hata serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, mimi sikulia. Kiroba hakikuwa cha kuonja. Kilikuwa cha kung'ata kona, kunyonya na kutupa. Mlevi wa mtaroni yupo kweli, na mke anayepigwa yupo. Waandikeni. Lakini msomaji asipojua alichokipenda mtu huyu, anguko lake litamuumaje? Atasema tu "shauri yake" na kugeuza ukurasa.

Basi, wenzangu, tuache mahubiri ya kuazima. Nenda kilabuni hata kama hunywi. Kaa karibu na pipa, muulize mama kwa adabu anajuaje kwamba imeiva. Sikiliza, nusa, andika. Hao mama wanazeeka, na vipimo vyao viko kichwani. Wakienda navyo, tutabaki na nzi wa mtaroni tu.